Madini katika maji ya mvuke: fungu la mwenyeji ni lipi?

Maji yanayopanda na mvuke wa ardhini, kama kule Olkaria, huja na silika na chumvi zilizoyeyuka, kisha hurudishwa chini. Marekani, kando ya Salton Sea, wanatafuta lithiamu ndani yake.

Homa Bay haina mtambo bado, lakini watafiti wameshazipima chemchemi za moto za Milima ya Homa. Hapo ndipo nina swali. Sheria ya Madini ya 2016 inaipa jamii asilimia 10 ya mrabaha. Sheria ya Nishati ya 2019, kwa mvuke, asilimia 5. Madini yakitolewa majini, wenyeji wahesabiwe kwa ipi? Iandikwe kabla ya kisima cha kwanza. Sisi Wapwani tunajua Kwale ilivyolisubiri fungu lake la titani. Na Migori, jirani zao, mchanga uliotupwa na mgodi wa Macalder ulikuja kusakwa dhahabu.