Mkono Kwenye Habu

Kila tuliposimama, dereva wetu alilizunguka gari na kuweka kiganja kwenye habu ya kila gurudumu. Nilikuwa na miaka 23, nina digrii ya historia, na kibarua changu kilikuwa kuandika takwimu za chanjo katika Bonde la Kilombero. Nilidhani ni aina ya tambiko. Siku ya tatu nikamuuliza, "Mzee, unazisalimia?"

"Nazipima homa," akajibu.

Siku ya nne tulichelewa kutoka Ifakara. Barafu kwenye boksi la chanjo ilikuwa inayeyuka, mvua ilikuwa imeharibu njia, na mimi ndiye niliyemwambia tusisimame kabla ya kuvuka mto. Alinitazama, akaendelea. Landrover ikaingia majini hadi juu ya magurudumu. Habu ikiwa na moto kisha ikazama ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyomo ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye sili iliyochoka. Maji huharibu grisi, na chuma hubaki kikisagana na chuma. Mimi hayo sikuyajua. Nilichosikia, baada ya kama nusu saa, ni ngurumo ya chini upande wa mbele kulia, iliyopanda kila gari lilipoongeza mwendo.

Aliegesha chini ya mwembe, akapiga jeki, akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Akafungua bolti, akakunjua kibati cha kufungia, akatoa nati mbili kubwa, kisha habu nzima ikateleza ikamjia mikononi. Beringi aliyoiosha kwa mafuta ya taa ilikuwa na rangi ya samawati: chuma kilichoungua. Akanipa niishike.

Tulipokuwa watoto tulivunja beringi mbovu za gereji ili tupate goroli za kuchezea. Hii haikuwa na goroli. Ilikuwa na rola, nyembamba upande mmoja kuliko mwingine, zimepangwa kama pia iliyokatwa ncha. Baadaye nikatafuta ilikotoka. Henry Timken, mzaliwa wa Ujerumani aliyetengeneza magari ya farasi huko St. Louis, Marekani, alipata hataza ya beringi ya namna hiyo mwaka 1898. Mshazari wa rola unaiwezesha kubeba mizigo miwili: uzito unaokandamiza kutoka juu, na msukumo wa pembeni gari linapokata kona. Landrover ilipoonyeshwa mara ya kwanza, Amsterdam mwaka 1948, wazo la mtengeneza mikokoteni lilikuwa na nusu karne.

Goroli zetu za utotoni nazo zina historia, na hii ndiyo iliyoniudhi, kwa sababu nilisoma Vita vya Pili vya Dunia muhula mzima bila kuisikia. Mwaka 1883, katika mji wa Schweinfurt, Ujerumani, Friedrich Fischer alitengeneza mashine ya kusaga goroli za chuma zikawa duara kamili. Mji ukawa wa beringi. Ndiyo maana tarehe 17 Agosti 1943 Wamarekani walituma ndege kuupiga mabomu, pamoja na Regensburg, na ndege 60 hazikurudi. Wakaurudia tarehe 14 Oktoba. Nyingine 60 zikapotea. Kila moja ilikuwa na watu kumi hivi. Waingereza kwa upande wao walikuwa wakivusha beringi za Sweden usiku, kwa ndege ndogo za mbao zilizopita juu ya Norway iliyokuwa mikononi mwa adui. Na viwanda vya silaha vya Wajerumani havikusimama.

Chini ya mwembe, mzee alitoa beringi mpya kwenye kitambaa. Alijaza grisi kiganjani akaigandamiza beringi upande wake mpana, tena na tena, mpaka grisi ikachomoza upande wa pili kati ya rola zote. Akaweka sili mpya. Nati ya ndani aliikaza huku akiniamuru nizungushe gurudumu, kisha akailegeza kidogo sana. "Ukikaza mno inaungua. Ukilegeza mno inakula." Hakunilaumu hata kwa neno moja, na ningependa angenilaumu.

Tulifika kijijini usiku. Kina mama waliokuwa wakitusubiri walikuwa wamesharudi makwao, wengine mwendo wa saa mbili kwa miguu. Nikafungua boksi kwa tochi: ule mraba kwenye vichupa, unaokolea rangi chanjo ikipata joto, ulikuwa bado mweupe. Asubuhi walirudi wengi wao, si wote. Wasiorudi nao niliwaandika kwenye takwimu.

Tulipoondoka, kituo cha kwanza nilishuka kabla ya mzee. Habu ya mbele kulia ilikuwa na uvuguvugu tu. Nikaenda kwenye ya nyuma.