Alama na Pambo: Asili ya HTML na Wanafunzi Wake

Kabla ya kompyuta kuingia katika kazi ya uchapaji, mhariri alishika kalamu akatia alama pembeni mwa mswada: hapa herufi nene, hapa herufi za mlazo, hapa kichwa cha habari. Mpiga chapa alizisoma alama hizo akazitii, wala hakuzichapa. Katika desturi hiyo imo mbegu ya HTML, lugha ambayo kurasa za tovuti huandikwa kwayo.

Mwaka 1969 Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie, watumishi wa IBM nchini Marekani, walibuni lugha ya alama iliyoieleza mashine si sura ya herufi, bali kazi ya kila kipande cha maandishi: kichwa, aya au orodha. Mrithi wa lugha hiyo, SGML, alikubaliwa kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 1986. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyefanya kazi CERN karibu na Geneva, alifuata mfano huo alipobuni HTML. Orodha yake ya mwaka 1991 ilikuwa na alama 18 tu. Vichwa, aya na viungo vilikuwamo, rangi haikuwamo.

Waliokuja baadaye hawakutosheka. Mwaka 1993 Mosaic, programu ya kuvinjari iliyotoka Chuo Kikuu cha Illinois, ilionyesha picha katikati ya maneno, na tovuti zikawavuta wasiokuwa wataalamu. GeoCities, iliyoanzishwa mwaka 1994, iliwapa watu nafasi ya bure ya kuweka kurasa zao. Wengi wao hawakuwa na mwalimu isipokuwa ukurasa wa mwenzao, kwa maana programu ilimruhusu msomaji kufunua alama zilizofichika nyuma ya maneno. Mtu aliona neno limenenepa. Akafunua, akakuta herufi b ndani ya mabano yenye ncha mbele ya neno, na b hiyo hiyo yenye mshazari mwishoni mwake. Alipoiga akasahau alama ya kufunga, maneno yote yaliyofuata yalinenepa pia, na kosa hilo likamfunza kuliko onyo.

Netscape ikaongeza alama za fonti, za kuweka maneno katikati, hata za kuyafanya yamemeteke. Wataalamu walinung'unika, nao walikuwa na hoja. Mwenye kurasa 100 aliyetaka kubadili rangi ya vichwa vyake ilimpasa kuzipitia zote. Tena kipofu anayesomewa na mashine hafaidiki kuambiwa kwamba neno ni kubwa. Hufaidika kuambiwa kwamba ni kichwa. Oktoba 1994 Håkon Wium Lie, Mnorwei, alipendekeza CSS, lugha ya kuagiza sura ya maandishi mahali pamoja, mbali na maandishi yenyewe. Bert Bos, Mholanzi, alishirikiana naye, na toleo la kwanza likakamilika Desemba 1996. Mwaka uliofuata, HTML 4.0 ilishauri alama ya fonti iachwe.

Hoja hiyo ilikuwa ya haki, lakini haikuwa haki yote. Ilimtaka mwanafunzi ajue lugha mbili kabla ya kulitia neno lake rangi nyekundu. Alama iliyodharauliwa ndiyo iliyokuwa mlango. Aliyeingia kwa mlango huo, akachoka kulirudia pambo lile lile ukurasa baada ya ukurasa, alikuwa tayari kuielewa CSS, kwa kuwa haja ilitangulia kanuni.

GeoCities, iliyonunuliwa na Yahoo mwaka 1999, ilifungwa nchini Marekani mwaka 2009, na wahifadhi wa hiari wakaokoa sehemu ya kurasa zake. HTML5, iliyopitishwa mwaka 2014, iliihesabu alama ya fonti kuwa imepitwa na wakati. Hata hivyo programu za kuvinjari zaisoma hata leo, kwa sababu kukataa kuisoma kungekuwa kuzivua rangi kurasa za wale waliojifunza wenyewe. Kanuni iliwashinda kwa hoja. Kazi yao ingali yasomeka.