Kadi ya Harusi Haikutoka Uingereza

Neno hili nimelisikia mara nyingi, na mwaka jana nililisikia tena katika mhadhara mmoja mjini Tanga: kwamba kadi ya harusi ni kitu cha Mwingereza. Wazee wetu walialika kwa mdomo, mkoloni akaja na karatasi, nasi tukaiga. Ukumbi mzima uliitikia. Mimi sikuitikia, na sababu yangu imo ndani ya kasha la marehemu shangazi yangu.

Shangazi hakuwa mtu wa kutupa kadi. Alizifunga kwa kipande cha kanga iliyochakaa, kadi zaidi ya mia. Ya chini kabisa si kadi bali ni barua ya posa, Kiswahili kwa hati za Kiarabu, kwenye karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne ndani ya kitambaa cheupe. Pembe moja ya kitambaa bado ina mikunjo ya fundo. Humo ndimo ilimofungwa fedha ya kufungulia barua, maana wazee wa binti hawafungui posa iliyokuja mikono mitupu.

Kwamba watu walialikwa kwa mdomo ni kweli. Wanawake wa kualika walipita mlango kwa mlango, na aliyerukwa alikaa na donge lake mwaka mzima. Lakini penye mdomo palikuwa na kalamu pia. Mwaka 1892 Mjerumani C. G. Büttner alichapisha mkusanyo wa maandiko ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, barua zikiwamo. Ni kitabu ambacho wasemaji wetu wa mihadhara hawakigusi. Barua za zama zile hazikurupuki na habari. Kwanza mwandikiwa hupangiwa sifa zake, janabi, sheikh, muhibu, akrami, ndipo jina, ndipo salamu, ndipo shida iliyoleta kalamu. Sasa chukua kadi yoyote ya Dar es Salaam. Utakuta mstari wa "Mhe./Prof./Dkt./Mchg./Alhaji/Bw./Bi." na mbele yake nukta za kuandikia jina. Wapo wanaosema mstari ule ni ulimbukeni wa vyeo. Mimi nauona ni adabu ile ile ya barua, imebanwa ikatosha kwenye karatasi ngumu.

Mitambo ya chapa tunaijua. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walichapa Unguja tangu miaka ya 1860, na Sultani Barghash naye akaleta mtambo wa herufi za Kiarabu, ukachapa vitabu vya dini. Kwa kadi, jicho langu linakwenda kwa Wahindi. Gazeti la Kigujarati, Samachar, lilikuwa likitoka Unguja mwanzoni mwa karne ya 20, na Wagujarati walikuwa na kadi yao ya harusi, kankotri, iliyopata jina kutokana na kanku, ule unga mwekundu wa baraka. Wekundu ule, maandishi ya dhahabu yaliyoinuka ukiyapapasa kwa kidole, bahasha nzito kuliko kadi yenyewe: vyote nimevikuta kwenye kasha la shangazi, kwenye kadi za Waislamu na za Wakristo.

Anayeshikilia Uingereza anijibu hili moja. Kwa desturi ya Kiingereza, wazazi wa binti ndio wanaoalika. Kwetu bara, familia ya bwana harusi ndiyo "inayo furaha kukualika kwenye ndoa ya kijana wao mpendwa", na upande wa binti wana kadi yao ya kumuaga. Kama tuliiga, mbona tuligeuza mwenye shughuli?

Kisha ipo kadi ambayo Mwingereza hakuijua kabisa, kadi ya mchango. Hutangulia miezi mitatu minne. Kamati inakaa, anachaguliwa mwenyekiti, katibu na mweka hazina, ahadi zinaandikwa daftarini. Aliyetimiza ahadi ndiye anayeletewa kadi ya mwaliko, ya mtu mmoja au ya wawili, wenyewe husema singo na dabo, na mlangoni hukaguliwa. Najua kadi hii inavyosemwa vibaya. Wanasema ni biashara, ni kuuza kiti cha harusi, na mwenye mshahara mdogo anayepokea kadi nne kwa mwezi ana haki ya kulalamika. Lakini asiseme kwamba ni jambo geni. Soma Desturi za Wasuaheli ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, iliyotoka mwaka 1903, uone malipo ya kilemba cha baba na mkaja wa mama. Harusi ya pwani siku zote ilikuwa na hesabu, na kila hesabu ilikuwa na jina la mtu.

Nyuma ya kadi moja ya mchango shangazi ameandika kwa penseli: "sh. 200 na sufuria kubwa". Chini yake, kwa kalamu ya wino, mwandiko ukiwa umeshaanza kutetemeka: "wamerudisha, harusi ya mwanangu". Mistari hiyo miwili imenifundisha maana ya kuchangiana kuliko mhadhara wowote.

Siku hizi mchango unatumwa kwa simu. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na namba ya mweka hazina sasa inakaa pale palipokuwa na sanduku la posta. Kadi yenyewe huja kama picha ya WhatsApp. Simu ikiharibika, nayo imekwenda.

Kuzipanga kadi za shangazi kumenitoa jasho. Nyingi zinasema Jumamosi, tarehe na mwezi, hazisemi mwaka. Nimelazimika kukisia kwa namba za simu: yenye simu ya mkononi haiwezi kuwa ya kabla ya miaka ya 1990. Na kadi kadhaa za Kiislamu zinamtaja bwana harusi kwa majina matatu, bibi harusi ni "binti yao" tu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukienda kuchagua kadi, rangi na utepe chagua upendavyo. Mwambie fundi aandike mwaka kwa tarakimu nne na jina la bibi harusi kwa ukamilifu wake. Hata kama zote zinatumwa kwa simu, chapisha moja ya karatasi, umpe shangazi.