Mchezo wa Mlezi na Mtoto: Habari za Tangu Zamani Hapa Nakuru

Hesabu ya fedha imeandikwa mahali pake katika kitabu hiki. Misaada yetu kwa makao ya watoto yatajwa humo: unga, mablanketi na ada za shule. Lakini liko jambo moja lisiloingia katika daftari la karani, nalo ni mchezo baina ya mlezi na mtoto. Naomba ruhusa nieleze habari zake.

Zamani, katika mashamba ya walowezi ya Njoro, Molo na Subukia, maskwota walitoka kazini tangu alfajiri, na watoto wachanga wakaachiwa nyanya na dada zao. Mchana wavulana walipanga mawe yakawa ng'ombe. Jioni vitendawili vilitegwa kando ya moto. Hakuna aliyesema kwamba hiyo ni kazi ya malezi, kwa maana yalikuwa maisha yenyewe.

Hali ya Hatari ilipotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, mambo yaliharibika. Maelfu ya maskwota Wakikuyu waliondolewa Bonde la Ufa, na jamaa nyingi zikatawanyika. Mwaka 1955 Chama cha Ustawi wa Watoto cha Kenya kiliundwa, watoto wasio na wa kuwatunza wapate msaada.

Miaka ile ile wataalamu nao walikuwa wakiuliza mtoto ahitaji nini. Mwaka 1951 Daktari John Bowlby, Mwingereza, aliliandikia Shirika la Afya Duniani kwamba chakula na kitanda safi havitoshi, ikiwa mtoto hana mtu wake wa kumpenda. Kisha, mwaka 1954 na 1955, Bibi Mary Ainsworth alizitembelea jamaa 26 karibu na Kampala. Aliona jinsi mtoto atambaavyo kwenda kuchungua vitu, kisha humrudia mama yake, halafu huenda tena. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Basi elimu hiyo, isomwayo leo ulimwenguni, ilipata sehemu ya mizizi yake katika nyumba za jirani zetu.

Sasa tuyatazame makao. Mara nyingi mlezi mmoja ana watoto wengi: afue, apike, aogeshe, zamu yake ikiisha, mwingine huingia. Mtoto mchanga akitoa sauti asijibiwe, akilia asichukuliwe, mwisho hunyamaza. Mgeni aingiapo husema, "Watoto hawa wana adabu." Mimi mwenyewe niliwahi kuusifu ukimya wa namna hiyo katika taarifa niliyoiandika kwa mkono wangu, na leo naona haya. Ukimya wa mtoto mchanga si adabu daima; pengine ni kukata tamaa.

Dawa yake si ghali. Mlezi ajifunike uso kwa leso, kisha aufunue. Aiige sauti ya mtoto. Amwite kwa jina anapomwogesha. Amrushie mpira wa matambara. Lakini sharti awe mtu yule yule, leo, kesho na kesho kutwa, maana mtoto hachezi kwa moyo na mgeni.

Mwezi wa Januari 1953 haukuwa wa mwisho kuona jamaa zikihama. Mnamo Januari 2008, baada ya uchaguzi, waliofukuzwa makwao waliujaza uwanja wa maonyesho wa Nakuru, na watoto wakiwa kati yao. Mwaka 2017 Serikali ilisimamisha kuandikisha makao mapya, na mwaka 2022 ilitoa mpango wa miaka 10 wa kuwarudisha watoto katika jamaa zao au katika ulezi wa kambo. Basi wazee wangu, mzigo waturudia sisi.

Kwa hiyo naomba, kabla ya kupeleka mablanketi mwaka ujao, tuulize kila makao: Je, kila mtoto mchanga anaye mlezi wake wa siku zote, naye anayo saa ya kucheza naye? Kisha kila mmoja ajiulize nyumbani kwake kama pana nafasi ya mtoto mmoja. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.