Mtoro, Mfalme na Mabaharia: Vikale vya Biblia katika Moby-Dick na Marekani ya 1850–1851

Kwamba majina ya wahusika wa riwaya ya Moby-Dick ya Herman Melville yametoka katika Agano la Kale si jambo linalohitaji kuthibitishwa upya. Nathalia Wright alikwisha kulichambua kwa mapana katika kitabu chake cha mwaka 1949. Aidha, tangu Northrop Frye achapishe Anatomy of Criticism mwaka 1957, imezoeleka kuyasoma majina hayo kwa nadharia ya vikale, yaani mifano ya kale ya watu na matukio inayojirudia katika fasihi za mataifa mbalimbali. Kwa usomaji huo Ahabu ni mfalme mwenye kiburi, Ishmaeli ni mfukuzwa, Yona ni mkaidi na Ayubu ni mteswa. Usomaji huu haujakosea, ila una kasoro moja kubwa: unaing’oa riwaya katika mwaka ilimoandikwa. Makala haya yanashikilia kwamba vikale vya Moby-Dick vinaelekezwa kwenye swali lililoigawa Marekani wakati ule ule: je, mtu anawajibika kutii amri halali iliyo dhalimu? Ili kuepusha utata, majina ya Biblia yanaandikwa hapa kwa umbo la Kiswahili (Ahabu, Ishmaeli), na ya riwaya kwa umbo la asili (Ahab, Ishmael).

Melville aliiandika riwaya hii kuanzia mapema mwaka 1850 hadi kiangazi cha 1851. Tarehe 18 Septemba 1850, kazi ikiwa katikati, Rais Millard Fillmore alitia sahihi Sheria ya Watumwa Watoro. Sheria hiyo ilikataza ushahidi wa mtu anayedaiwa kuwa mtoro usipokewe katika shauri lake mwenyewe. Kamishna aliyeamua mtu arudishwe utumwani alilipwa dola 10; akimwachia huru, alilipwa dola 5. Raia yeyote aliweza kuamriwa kusaidia ukamataji, na aliyemsaidia mtoro alikabiliwa na faini ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miezi sita. Mwezi Aprili 1851 Thomas Sims, kijana aliyetoroka Georgia, alikamatwa Boston. Minyororo ilizungushwa kwenye jengo la mahakama kuzuia umati. Mahakama ya juu ya Massachusetts, chini ya Jaji Mkuu Lemuel Shaw, ilikataa kumwachia, naye akarudishwa Savannah kwa merikebu. Shaw alikuwa mkwewe Melville, baba wa mke wake Elizabeth. Melville ndiye aliyemtabaruku jaji huyo riwaya yake ya kwanza, Typee, mwaka 1846.

Mgogoro huo ulipiganwa pia mimbarini. Wahubiri waliotetea utumwa walipenda kutaja mahali pawili: waraka wa Paulo kwa Filemoni, ambamo Onesimo anarudishwa kwa bwana wake, na sura ya 16 ya Mwanzo, ambamo malaika anamwagiza Hajiri mtoro arudi kwa bibi yake. Kwa msomaji wa mwaka 1851, basi, Hajiri hakuwa tu mama wa kale. Alikuwa hoja ya kisheria.

Hapa ndipo jina la msimulizi linapopata uzito wake. Katika sentensi ya kwanza kabisa ya sura ya kwanza anawataka wasomaji wamwite Ishmael. Hasemi kwamba ndilo jina alilopewa. Analichagua. Ishmaeli wa Mwanzo ni mtoto wa mjakazi, aliyefukuzwa jangwani pamoja na mama yake ili asirithi pamoja na Isaka. Mzungu wa kaskazini, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule, anajiita mwana wa mtumwa katika mwaka ambao wana wa watumwa walikuwa wakisakwa katika mitaa ya Boston. Wahakiki wanaoishia kwenye neno “mfukuzwa” wanalipita jambo hili kwa haraka mno. (Msomaji wa Kiswahili ana mzigo wake hapa: katika masikio ya pwani Ismaili ni nabii na mwana wa Ibrahimu mwenye heshima kamili, na Hajiri anakumbukwa na kila hujaji anayekwenda mbio baina ya Safa na Marwa. Ladha ya aibu iliyomo katika jina hilo kwa Mprotestanti wa New England inabidi tuitafute kwa makusudi.)

Mfano wa pili umo katika sura ya 9, mahubiri ya Padri Mapple juu ya Yona. Mapple anaongeza jambo ambalo kitabu cha Yona hakina. Yona anapofika bandarini, mabaharia wanamshuku, na mmoja anasoma tangazo lililobandikwa gatini. Linaahidi sarafu 500 za dhahabu kwa atakayemkamata muuaji fulani wa mzazi wake, na linaeleza umbo la mtu huyo. Wanamtazama Yona, wanatazama tangazo. Matangazo ya watoro, yenye zawadi na maelezo ya umbo, yalikuwa jambo la kila siku katika magazeti ya Marekani, na ni vigumu kuamini kwamba msomaji wa 1851 hakuyaona humo. Mahubiri yenyewe yana ncha mbili: Yona anakosea kwa kumtoroka Mungu, lakini mwishoni Mapple anamsifu yule asiyetambua bwana mwingine isipokuwa Mungu na anayeing’oa dhambi hata chini ya makanzu ya majaji na maseneta. Nisingependa kudai kwamba Melville alimkusudia mkwewe kwa maneno hayo. Ila makanzu ya majaji yamo.

Kuhusu Ahab, mjadala umekuwa mrefu, na sehemu yake imepotea njia. Alan Heimert, katika makala yake ya 1963, aliyafungua macho ya wengi kuhusu siasa za riwaya hii. Lakini tangu wakati huo wahakiki wamebishana kama nahodha ni John C. Calhoun au Daniel Webster. Ubishi huo hauna faida kubwa. Kinachofaa ni kurejea 1 Wafalme, sura ya 21 na 22, na kuona Melville alichukua nini. Katika sura ya 16 ya riwaya Ishmael mwenyewe anakumbusha kwamba mfalme huyo alikuwa mwovu na kwamba mbwa waliiramba damu yake. Peleg anamnyamazisha: nahodha hakujipa jina hilo, alipewa na mama mjane aliyerukwa na akili, ambaye alifariki mtoto akiwa na miezi 12. Mbwa wa Samaria wanarudi mwishoni katika umbo la papa, wanaoifuata mashua ya Ahab na kuyatafuna makasia siku ya tatu ya msako.

Lakini kiini cha 1 Wafalme 22 si kifo cha mfalme. Ni baraza. Manabii wapatao 400 wanamwambia Ahabu apande kwenda vitani. Mikaya peke yake anakataa, naye anatiwa gerezani. Linganisha na sura ya 36 ya riwaya. Ahab anapigilia sarafu ya dhahabu mlingotini, anawanywesha mabaharia kileo, na wote wanaapa kumwinda nyangumi mweupe. Starbuck peke yake ndiye anayepinga, kisha ananyamaza. Katika sura ya 123 anasimama mlangoni pa nahodha aliyelala, bunduki mkononi, na anairudisha mahali pake. Starbuck ni Mikaya aliyeshindwa kuwa Mikaya.

Sura ya 46 inaliweka jambo hili wazi kuliko sura nyingine yoyote, nami nashangaa kwamba inatajwa kwa nadra. Humo Ahab anatambua kwamba ameigeuza safari ya biashara kuwa kisasi chake, na kwamba kwa hiyo mabaharia wanaweza, bila kosa la kisheria wala la kimaadili, kukataa kumtii na hata kumnyang’anya merikebu. Wanayo haki hiyo. Hawaitumii. Kikale cha mfalme mwovu hakitoshi kueleza kwa nini, kwa kuwa kinamtwika mtu mmoja lawama yote. C. L. R. James, aliyeandika kitabu chake juu ya Melville akiwa kizuizini Ellis Island na kukichapisha mwaka 1953, aliona vyema kwamba macho yapaswa kuelekezwa kwa mabaharia.

Pingamizi moja linastahili kusikilizwa. Melville hakuwa mwanaharakati wa kupinga utumwa, na riwaya yenyewe inautaja utumwa mara chache. Hilo ni kweli. Hata hivyo, inapoutaja haifichi kitu: katika sura ya 93 Stubb anamwambia Pip, kijana mweusi, kwamba nyangumi mmoja angeuzwa Alabama kwa bei mara 30 ya bei yake, na kwamba akiruka tena baharini hataokolewa. Pip anaruka tena, anaachwa, na anapopatikana amerukwa na akili.

Ahab ananasa shingo katika kamba ya chusa yake na merikebu inazama na wote waliotii. Ishmael anabaki akielea juu ya jeneza la Queequeg, na maneno ya mjumbe wa Ayubu yanatangulia kwenye hitimisho. Toleo la London la Oktoba 1851 lilitoka bila ukurasa huo, na baadhi ya wahakiki wa Uingereza wakalalamika kwamba hakuna aliyebaki kusimulia. Wasomaji wao hawakujua, basi, ni nani aliyemwokoa Ishmael. Ni merikebu Rachel, ambayo nahodha wake alikuwa akimtafuta mwanawe aliyepotea baharini, na ambaye Ahab alikataa kumsaidia. Raheli wa Mwanzo ni mke wa Yakobo, mwana wa Isaka, yule yule ambaye kwa ajili yake mtoto wa Hajiri alifukuzwa.