Haki Zilizoachwa kwa Hiari: Mapatano ya Wamasai ya 1904 na 1911

Wazee wetu na wanachama, katika mabaraza yetu husemwa mara nyingi kwamba mtu aliyetoa mali yake kwa hiari hana tena la kudai. Neno hilo ni la haki. Lakini katika taarifa ya mwaka huu tumeona vyema tulitazame kwa habari ya Wamasai na nchi yao, maana ni pale ambapo neno hiari liliandikwa katika hati ya Serikali, likapoteza nchi nzima.

Mnamo Agosti 1904, Kamishna Sir Donald Stewart alifanya mapatano na Olonana, ambaye Waingereza walimwita Lenana, pamoja na wazee wengine. Hati ilinena kwamba Wamasai, kwa hiari yao wenyewe, wameona ni faida kwao kuhama Bonde la Ufa, wakae mbali na reli na mbali na ardhi itakayofunguliwa kwa Wazungu. Yafaa tukumbuke hali yao wakati ule. Katika miaka ya 1890 sotoka ilikuwa imefagia ng'ombe, ndui imeua watu, na ugomvi juu ya urithi wa Mbatian umewagawanya. Reli nayo ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901. Mtu aliye katika dhiki ya namna hiyo akiulizwa kama yu radhi kuhama, twaweza kuliita jibu lake hiari, lakini kwa kusitasita.

Hata hivyo wazee wale hawakuwa wajinga, wala hatupendi masimulizi yanayowafanya watoto. Walipata nchi mbili, Laikipia upande wa kaskazini na nyingine kusini ya reli. Njia ya upana wa nusu maili ya kuziunganisha, yenye ruhusa ya kufikia maji. Na maili tano za mraba katika miteremko ya Kinangop kwa ajili ya jando. Tena ikaandikwa kwamba mapatano yatadumu maadamu Wamasai wangalipo.

Yalidumu miaka isiyotimia saba. Walowezi waliitaka Laikipia. Olonana akafa Machi 1911, ikasemwa kwamba usia wake ulikuwa watu waitii Serikali. Mwezi uliofuata, katika utawala wa Gavana Girouard, hati ya pili ikatiwa alama na Laikipia ikaachwa, mara hii pia kwa hiari. Miongoni mwa waliotia alama alikuwa Legalishu, kiongozi wa kaskazini, ambaye hapo kwanza alikuwa amekataa. Katika hati hiyo haki moja ya zamani ilitajwa kuwa haitaondolewa, yaani kile kiwanja cha jando.

Uhamisho ulianza kwa taabu, ukasimama, ukaanza tena 1912. Ndipo Legalishu na wenzake walipotafuta mawakili. Kesi ya Ol le Njogo na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu ilisikizwa mwaka 1913. Walidai kwamba mapatano ya 1904 yangali na nguvu, na kwamba waliotia alama 1911 hawakuwa na mamlaka ya kuwafunga Wamasai wote. Mahakama Kuu ikakataa, na Desemba mwaka ule ule Mahakama ya Rufani ikathibitisha. Sababu yake yastahili kusomwa polepole. Himaya ya Afrika Mashariki, walisema majaji, ilikuwa nchi ya kigeni iliyo chini ya ulinzi wa Mfalme, na Wamasai hawakuwa raia wake. Basi hati zile zilikuwa mapatano baina ya mamlaka mbili, na mahakama haina uwezo wa kuyaamua. Hivyo Wamasai walihesabiwa kuwa mamlaka siku ya kuiachilia nchi, na siku ya kuidai hawakuwa na mlango wa kubisha. Kama hiari ile ilikuwa hiari, halikuwa jambo lililoamua kesi.

Wajumbe wa Kimasai walilipeleka dai lao London mwaka 1962, katika mkutano wa katiba, wasifanikiwe. Agosti 2004, ilipotimia miaka 100, waandamanaji walisema mkataba wa miaka 99 umekwisha, hivyo nchi irudishwe. Wapo waliowacheka, kwa kuwa hati ya 1904 haitaji miaka 99. Ni kweli haiitaji. Yasema maadamu Wamasai wangalipo.