Kudura na Juhudi: Tauni ya Amwas Dhidi ya Dai la Leibniz

Mradi wa afya ukikwama katika miji ya Waislamu ya pwani, lawama huangukia upesi imani ya wenyeji: wamemwachia Mungu kila kitu, basi hawajishughulishi. Dai hili ni kongwe. Mwaka 1710, katika Théodicée, mwanafalsafa Leibniz alizungumzia majaaliwa ya Kimuhamadi, akirejelea dai kwamba Waturuki hawakimbii hata penye tauni. Makala hii inashikilia kwamba dai hilo linachanganya mambo mawili: kuamini kudura, na kuamini kuwa juhudi haifui dafu mbele yake. Ni hili la pili tu linalostahili kuitwa imani ya majaaliwa.

Kifalsafa, tofauti hiyo haina ubishi mkubwa. Katika De Fato, kitabu cha mwaka 44 KK, Cicero anaieleza Hoja ya Uvivu: kama imekadiriwa mgonjwa apone, atapona, amwite tabibu asimwite. Mwanafalsafa wa Kistoa Chrysippus alijibu kwamba kumwita tabibu nako kumekadiriwa pamoja na kupona.

Ushahidi mzito zaidi unatoka ndani ya Uislamu wenyewe, katika tauni ya Amwas, takriban mwaka 639. Khalifa Umar alikuwa safarini kwenda Shamu. Alipofika Sargh akapata habari za tauni. Kwa mapokezi ya Bukhari na Muslim, aliwashauri Muhajirina, wakahitilafiana. Akawashauri Ansari, nao wakahitilafiana. Kisha wazee wa Kikureshi wakaafikiana kwamba watu warudi. Umar akatangaza kurudi. Abu Ubayda, kamanda wa Waislamu huko Shamu, akamhoji: je, anaikimbia kadari ya Mungu? Umar akakiri, lakini akasema anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mchunga ngamia katika bonde lenye upande wa rutuba na upande mkavu: popote atakapolisha, amelisha kwa kadari. Tuzingatie mpangilio. Sahaba Abdurahman bin Awf alileta hadithi ya kutoingia wala kutotoroka penye tauni baada ya uamuzi kupita. Shura ilitangulia nukuu.

Mpinzani atasema Abu Ubayda alibaki Shamu, tauni ikamuua. Ni kweli, lakini kubaki kwake hakuthibitishi uvivu. Hadithi ileile inayozuia kuingia inazuia pia kutoka, na kizuizi cha pande mbili ndicho kinachopunguza maambukizi.

Kwa nini basi dai la Leibniz halikomi? Kwa maoni yangu, wachunguzi husikiliza kauli za matangani. Mfiwa anapoambiwa kuwa siku ya marehemu ilikuwa imefika, anafarijiwa. Hapewi mwongozo wa namna ya kutibu mgonjwa wa kesho. Huenda familia hiyohiyo ilikuwa imeshauza mbuzi ili kulipia hospitali. Wapo, bila shaka, wanaosingizia kudura ili kuficha uzembe, kama baadhi ya madereva na wakubwa wa ofisi. Hao ni wakwepa lawama. Tusiwahesabu kuwa waumini wa majaaliwa.

Kwa hiyo, mtafiti asiandike kuwa jamii fulani inaamini majaaliwa kabla hajauliza watu walifanya nini msiba ulipokuwa bado haujafika, zahanati ilikuwa umbali gani, na dawa zilikuwapo au la.